Saladi Niliyompelekea Nanyokie

Wacha niseme mapema, kabla mtu mwingine hajawaambia kwa njia yake, kwamba ni kweli mimi ndiye yule dada ya bwana harusi aliyekaa chini kwenye zizi la ng'ombe akiwa na karoti kwenye nywele, mbele ya wakwe, mbele ya mama yake mzazi na mbele ya mjomba wake aliyevaa suti, na ni kweli pia kwamba nilikaa hapo chini muda mrefu kuliko mtu mwenye akili timamu angekubali kukaa. Aibu ile sijaisahau. Lakini nikikumbuka siku hiyo kitu kinachonijia kwanza si aibu, ni kingine ambacho sijui hata nikiite nini, na ndiyo sababu nikiulizwa huwa nasimulia tu.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili, ule wa ukame. Kama ulikuwa unaishi Kitengela wakati huo unakumbuka vile nyasi zote za zile tambarare ziliisha ukabaki udongo mweusi uliopasuka, punda wakipita kutwa nzima na mitungi ya maji, na Wamaasai wakipitisha ng'ombe kando ya lami kwenda Nairobi kutafuta majani kwenye nyua za watu, ng'ombe ambao wamekonda mpaka unaona kila ubavu. Mimi nilikuwa karani kwenye kiwanda kimoja cha nguo upande wa Athi River, tumepanga Kitengela mimi na mume wangu na mtoto wetu mmoja, na mambo hayo yote niliyaona kila asubuhi nikienda kazini, na naapa kichwa changu hakikuunganisha kitu. Niliona ng'ombe, nikaona vumbi, nikafunga dirisha.

Sasa ndugu yangu mdogo, Musyoka, ambaye ni fundi wa stima, alikuwa amepata msichana wa Kimaasai anaitwa Naserian, mwalimu wa nasari, kwao ni ndani kupita Kajiado mjini. Sisi ni Wakamba wa Makueni. Mwaitu (ndivyo tunavyomwita mama yetu) alipoambiwa alinyamaza siku nzima, halafu jioni akauliza kama hao watu wanajua kwamba sisi tunakula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na alipoambiwa wanajua akasema basi sawa. Shida ilikuwa upande ule mwingine. Baba yake Naserian hakuwa amekataa, lakini pia hakuwa amekubali. Alikuwa ametuma neno moja tu: "Waje, niwaone." Musyoka alikuwa analirudia hilo neno kila siku akilipima, waje niwaone, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani, mpaka akapungua mwili.

Kwa hivyo tulipopanga safari kila mtu alijua ni siku ya kuonwa. Mjomba Mutua, ndugu ya mama, ndiye angekuwa msemaji. Mwaitu alinunua blanketi na sukari. Musyoka akatafuta pikapu ya rafiki yake. Na mimi, ambaye sikuombwa kitu chochote (mniskize vizuri hapa, sikuombwa), nikaamua kwamba blanketi na sukari kila mtu hupeleka, sisi lazima tupeleke kitu ambacho hao watu hawatasahau.

Wazo lenyewe lilitoka Embulbul. Nilikuwa nimeenda huko kwa harusi ya mwenzangu wa kazini, na kwenye meza ya wageni kulikuwa na bakuli kubwa la kioo, ndani yake kabeji imekatwa nyembamba kama uzi, na ndani ya kabeji kuna tikiti maji, na papai, na matango, na nanasi, vitu ambavyo mimi katika maisha yangu yote sikuwahi kuona vimekaa pamoja, na juu yake wamekamulia ndimu na kunyunyiza chumvi. Nilionja nikidhani ni makosa ya jikoni. Nikarudia. Nikarudia tena mpaka mwenzangu akaniambia niwaachie wengine. Kutoka siku hiyo nilijiona mtu aliyefunuliwa siri, kachumbari ya kawaida nikaanza kuiangalia kwa huruma.

Basi siku moja kabla ya safari nilimpata mama mboga wangu amepokea mzigo kutoka Loitokitok, ambako wanamwagilia mashamba kwa maji yanayotoka mlimani, na nikabeba karibu kibanda kizima. Asubuhi niliamka mapema nikaanza kukata. Kabeji, karoti, matango, pilipili hoho, spinachi changa, dania, halafu tikiti mbili kubwa, papai na nanasi. Bakuli la kioo sikuwa nalo, na bakuli lolote nililokuwa nalo lilijaa kabla sijafika kwa tikiti, kwa hivyo nikatumia beseni ya kuogea mtoto (niliisugua kwa maji moto na sabuni mara nyingi, na kusema kweli yule mtoto alikuwa na adabu ndani ya beseni, mara nyingi). Nikakamua ndimu, nikanyunyiza chumvi kwa ukarimu. Nilipomaliza nilirudi nyuma nikaitazama. Nje dirishani hakukuwa na kitu cha kijani mahali popote, mpaka mwisho wa macho ni vumbi na waya wa shamba, na pale sakafuni kwangu kulikuwa na beseni imejaa rangi ambazo nilikuwa nimesahau ziko duniani, maji ya tikiti yanang'aa kati ya majani, na nyumba nzima inanukia kama mvua imenyesha. Nikamwita mume wangu aje aone. Akaja, akaona, akauliza chai iko wapi.

Mjomba Mutua alipofika akainua leso niliyofunikia, akaangalia kwa muda.

"Nduku," akasema, "kwa nini tikiti iko ndani ya kabeji?"

"Ni saladi, mjomba."

"Na watu wa huko wanakula hii?"

"Watakula. Mtu akionja hii hawezi kuacha."

"Sijauliza kama wataacha," akasema mjomba, "nimeuliza kama wataanza." Lakini alichukua kipande cha tikiti, na baada ya hapo nikamwona akizungukazunguka ile beseni, na njia yote alikaa karibu nayo nyuma ya pikapu eti anaizuia isimwagike.

Tulifika jua likiwa limepanda. Boma lilikuwa kwenye uwanda wazi, nyumba chache, moja ya mabati na zingine za udongo, na zizi kubwa la miiba ambalo lilikuwa tupu, nikajiambia ng'ombe wako malishoni (kumbe vijana walikuwa wameshaondoka nao kitambo, wanawatembeza huko mbali, na ng'ombe wengi hawakurudi). Wenyeji wakaja kutupokea. Baba yake Naserian alikuwa mzee mrefu, mkimya, amejifunga shuka, anaongea Kiswahili polepole kama anachagua kila neno kutoka kwa mfuko. Mama mzazi wa huyo mzee, ambaye wote walimwita Koko, yaani nyanya, alinishika mkono akasema, "Takwenya," na mimi ambaye nilikuwa nimefundishwa na Musyoka wiki nzima nikajibu "Epa" kwa sauti ya juu, ambalo ni jibu la wanaume. Wanawake wakaangalia chini. Koko akaniangalia kifua, kisha uso, kama anayetaka kuhakikisha.

Tukaketi kwenye kivuli cha nyumba ya mabati. Naserian akaleta chai, na ilikuwa chai ya rangi. Koko akasema kitu kwa Kimaasai, sauti ya chini, na mzee akatutafsiria bila kutuangalia: "Mama anasema mtusamehe. Leo hakuna maziwa."

Chai bila maziwa, kwa boma la Mmaasai, mbele ya wageni waliokuja kuposa. Mwaitu alielewa papo hapo, nikamwona akiinamisha kichwa. Mjomba alielewa. Mimi nikasema kwa furaha kabisa, "Wala msijali mzee, hata madaktari wanasema chai ya rangi ndiyo nzuri kwa moyo." Musyoka alifunga macho.

Hapo ndipo ningenyamaza. Mpaka hapo nilikuwa nimeharibu kidogo tu. Lakini niliona kimya kimekuwa kirefu, nikaona hii ndiyo nafasi yangu, nikasimama nikavuta beseni mpaka katikati.

"Mzee," nikasema, "jua ni kali sana siku hizi, kila kitu kimekauka. Nikaona tusije tu hivi hivi. Nimewaletea kitu kibichi, majani na matunda, kitu cha kupoza."

Nikaondoa leso.

Nilikuwa nimetarajia watu waseme kitu, hata waulize kama mjomba, lakini wale watu waliinuka mmoja mmoja wakaja wakazunguka ile beseni wakaitazama. Koko akainama, akagusa spinachi kwa ncha ya kidole, akanusa kidole. Mzee hakuwa ananiangalia mimi hata kidogo. Aliangalia ile kijani, akaangalia upande wa zizi, akairudia tena.

"Nani alikuambia?" akauliza.

"Kuniambia nini, mzee?"

"Maneno ya Nanyokie."

Nikasema sijaambiwa, Nanyokie ni nani.

"Analala," akasema. "Siku nyingi sasa hawezi kusimama. Tunampelekea maji hapo hapo, anakunywa kidogo tu, halafu anaweka kichwa chini."

Nikaweka mkono kifuani. "Pole sana, mzee. Ni mama?"

"Ni mama," akasema. "Yeye ndiye alikuwa analisha hii nyumba yote. Kama angekuwa mzima, mngekunywa chai nzuri."

Mimi nikamwona huyo mama, nikamwona kabisa, mke mkubwa pengine, amelala kwenye giza la nyumba ya udongo na hakuna mtu wa kukoroga chai. Roho yangu ikayeyuka. Musyoka alikohoa, akanikonyeza, akatingisha kichwa, na mimi nikafikiria ni uchungu umemshika.

"Basi aanze yeye," nikasema. "Sisi ni wazima, tutangoja. Nipelekeni, nitamlisha kwa mkono wangu."

Mzee akaniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo, sawasawa kwa uso. Akamtafsiria Koko. Koko akaweka mkono juu ya kichwa changu, akauacha hapo, na ulikuwa mkono mwepesi kama wa mtoto. Kisha mzee akashika upande mmoja wa beseni na mimi upande wa pili, na kwa mkono uliobaki nikachukua sahani, uma, na kitambaa cha karatasi cha kumpangusa mgonjwa midomo.

Tukaenda, na watu wote nyuma yetu. Tukapita nyumba ya mabati, tukapita nyumba za udongo, nikawa nashangaa ni mgonjwa wa aina gani amewekwa mbali namna hii, mpaka tukaingia kwenye zizi, na pale pembeni, chini ya kivuli cha magunia yaliyotundikwa juu ya miti, alikuwa amelala ng'ombe mwekundu. Ngozi imeshikana na mifupa, shingo imenyooshwa kwenye vumbi, macho nusu wazi. Kando yake kuna karai la maji na shuka kuukuu wamemfunika mgongoni kama mtu.

"Mgonjwa yuko wapi?" nikauliza, na hapo hapo nikajua.

Sijui nini kilinishika. Ningeachilia. Mtu yeyote mwenye busara angeachilia. Lakini nilikuwa nimekata ile kabeji nyembamba kama uzi, nilikuwa nimeamka na giza, na mzee alianza kuvuta beseni kuelekea kwa ng'ombe na mkono wangu ukakataa, ukavuta kurudi.

"Mzee, hapana," nikasema. "Ngoja kwanza, hii ni ya—"

Akafikiri nataka kubeba mwenyewe, kwa heshima akavuta zaidi anisaidie. Mimi nikavuta. Tukavutana hivyo, mkwe wangu na mimi, beseni ya mtoto katikati, watu wote wanaangalia, mpaka kisigino cha kiatu changu (nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini, vya kisigino, kwenye zizi) kikaingia kwenye ufa wa ardhi, nikaenda chini kwa makalio na saladi yote ikanifuata. Yote. Kabeji kichwani, tikiti mapajani, maji ya nanasi yanaingia shingoni, gauni langu la rangi ya krimu nililoshonesha kwa ajili ya siku hiyo limelowa na kushika vumbi na samadi mpaka likawa uji. Uma niliendelea kuushika, sijui kwa nini.

Nikasikia Mwaitu akisema jina langu, kwa sauti ile ya utotoni.

Nilikuwa natafuta pa kuweka mkono niinuke wakati pua ya yule ng'ombe ilisonga. Nilikuwa nimeanguka karibu naye kabisa. Pua ikasonga, tundu zikafunguka, nikahisi pumzi yake kwenye goti, pumzi dhaifu yenye joto. Labda ni maji ya tikiti yaliyomfikia, labda ni chumvi. Akatoa ulimi, ulimi mrefu, mkavu, akalamba kipande kimoja cha tikiti kutoka kwa gauni langu.

"Usisonge," mzee akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Nami sikusonga. Nilikaa vile nilivyoanguka, mguu mmoja umenyooka na mmoja umekunjwa, na yule ng'ombe akavuta kichwa chake kwenye vumbi kidogo kidogo, akakiinua, nikaona shingo yote inatetemeka kwa hiyo kazi, na akakiweka mapajani mwangu. Kilikuwa kizito sana. Mtu hawezi kujua kichwa cha ng'ombe kina uzito gani mpaka kiwekwe juu yake. Akaanza kula. Alikula tikiti kwanza, halafu papai, halafu akaingia kwenye majani, na sauti ya kutafuna kwake ndiyo ilikuwa sauti pekee kwenye hilo boma lote, kwa sababu wale watu, wazee na wanawake na watoto wadogo, walikuwa wamesimama kimya na wengine wamepiga magoti, hakuna aliyekuwa anapepesa jicho. Mjomba Mutua alikuwa amevua kofia.

Mimi ni mtu wa kanisa tangu utotoni, nimesimama kwenye ibada nyingi, lakini kimya kama kile sijawahi kukisikia popote. Niliangalia jicho lake lililokuwa karibu yangu. Lilikuwa jeusi, limejaa maji, na ndani yake nikaona umbo langu dogo limekaa, na anga nyuma yangu. Nikasahau gauni. Nikasahau kwamba tumekuja kuonwa. Ile kabeji iliyokuwa inanikereketa shingoni nikaitoa mwenyewe nikamwekea mdomoni, na akaichukua kutoka kwa vidole vyangu polepole, bila kuniuma, na mimi machozi yakawa yananitoka na sikujua yalianza saa ngapi.

Koko alikuwa amekaa upande wa pili, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe, anaimba kwa sauti ndogo, si wimbo wa kuimbiwa watu, ni kama maneno tu yanayozunguka. Mzee akasema kitu juu yetu, juu ya ng'ombe na mimi pamoja, nikasikia jina Enkai, yaani Mungu, na kila alipomaliza neno watu waliitikia pamoja, "Naai."

Alipomaliza kula alilamba gauni. Alililamba lote, mpaka kwenye mabega, kwa sababu ya ile chumvi. Halafu akakunja mguu wa mbele.

"Anataka," mzee akasema. "Shikeni."

Wanaume wakaingia. Wakampitishia mikono chini ya kifua, wengine kiunoni, na mwenye kushika mkia akakosekana kwa sababu vijana wote walikuwa mbali, ndipo Mjomba Mutua, na suti yake ile moja, akaenda nyuma akaushika kwa mikono miwili kama mtu aliyeifanya hiyo kazi maisha yake yote (na kumbe alikuwa ameifanya, kijijini, enzi zake), na Musyoka akaingia begani pamoja na mzee, wamegusana vichwa, wakahesabu kila mtu kwa lugha yake wakainua. Mara ya kwanza akarudi chini. Mara ya pili akasimama nusu, akayumba, wakamshikilia, miguu ikitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Kisha wakaachilia mkono mmoja mmoja. Akabaki amesimama.

Hakuna aliyepiga kelele. Koko ndiye aliyecheka, kicheko kidogo, amefunika mdomo.

Walinipeleka nyumbani kwa Koko wakanivua lile gauni, wakanifunga shuka mbili na kunivisha shanga, na hivyo ndivyo nilivyokaa kwenye mazungumzo yote ya kuposa, kama mtu wa pale. Walikuwa wamechinja mbuzi. Tukala. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri, mzee anaongea na mjomba kama watu waliojuana zamani, nikaanza kufikiri kwamba pengine ile habari itaishia hapo na mimi nitabaki na sifa ambayo si yangu, lakini salama. Ndipo Mjomba Mutua, ameshiba, amefurahi, akapangusa vidole akasema, "Na kusema kweli mzee, hata mimi nilikuwa nimeingojea sana hiyo saladi."

Mzee akaacha kutafuna. "Kuingojea ifanye nini?"

"Niile," akasema mjomba, na akaniangalia, na akajua amekosea.

Nilitamani ile ardhi iliyopasuka ipasuke zaidi. Mzee alinigeukia. Nikasema, "Mzee, nisamehe. Ilikuwa ya watu. Nilikuwa nimewapikia nyinyi, yaani sikupika, nilikata. Ni chakula, kwetu tunakula. Sikujua habari ya ng'ombe. Pale zizini nilikuwa nataka kukunyang'anya."

Musyoka alikuwa ameshika kichwa. Mzee akamtafsiria Koko yote, polepole, nikaona mpaka ile sehemu ya kunyang'anya ameitafsiri kwa mikono. Koko alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, na mzee akatafsiri kurudi: "Mama anauliza, watu wa kwenu wanakula majani?"

"Tunakula, Koko."

"Na mlitoka asubuhi, njia yote hiyo, bila kula?"

Nikaangalia Mwaitu. Ilikuwa kweli, tulikuwa tumenyimana chakula njiani ili tupate nafasi ya nyama. "Bila kula," nikasema.

Koko akasema neno refu, na watu wa boma wakaitikia kwa koo, hm, na mzee alipotaka kulitafsiri ilibidi aanze mara mbili.

"Mama anasema, basi mlikuwa na njaa, na chakula chenu mkampa ng'ombe wetu."

Nilifungua mdomo nieleze kwamba hapana, haikuwa hivyo, mimi nilianguka tu. Mwaitu akanifinya paja, kwa nguvu, chini ya zile shuka. Nikafunga mdomo. Na jioni ile, kabla hatujapanda pikapu, mzee alimwita Musyoka kando akamwambia, "Nimewaona."

Nanyokie aliishi. Walimkatia matawi na kumbebea maji mpaka mvua ikaja, na kwa harusi ya Musyoka mwaka uliofuata nilikunywa chai ya maziwa yake, nzito, yenye harufu ya moshi, na nilikunywa nikiwa nimesimama karibu na mlango kwa sababu wageni walikuwa wanakuja mmoja mmoja kuniangalia. Wapwa zangu sasa ni wakubwa, na ile habari wanaijua kama inavyosimuliwa kule kwao: kwamba kulikuwa na mama Mkamba aliyekuja na njaa yake, akaingia zizini na nguo zake nzuri, akaketi kwenye vumbi kwa hiari yake, akalisha ng'ombe kutoka mapajani. Nimejaribu kuwaeleza mara nyingi. Wanatabasamu kwa heshima, wanafikiri ni unyenyekevu.

Mimi nimejifunza langu. Tangu siku hiyo sijawahi kumpelekea mtu chakula bila kwanza kuuliza anakula nini, na nikiambiwa kuna mgonjwa nauliza kabisa, bila haya, ana miguu mingapi. Saladi nakata bado, ya sisi tu nyumbani, kwa bakuli dogo. Lakini kuna siku nikishika kisu na ile tikiti ikafunguka, nasimama tu hapo jikoni nimeiangalia, mpaka mtu aniite.